Kabla hela ya korosho haijaishia kwenye spika, fungueni kwanza mlango wa gari muone

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua, ni ndefu kidogo ila naomba msiikate sana. Nataka kuongelea spika za magari, na hasa haya magari yetu ya porini, mkonga, hardtop, Prado, dabo kabini na zile Land Rover 110 ambazo mpaka leo zinapiga kazi huku Kusini. Nimeona niandike sasa hivi kabla minada haijachanganya, maana korosho ikishauzwa na hela ikaingia, baada ya bati na ada za watoto na deni la dukani kinachofuata kwa wenye magari wengi ni muziki, mtu anaenda dukani anatoka na boksi limeandikwa wati 1000 kwa maandishi makubwa, anapeleka kwa fundi, jioni anapita nalo barabarani linasikika mtaa mzima, halafu miezi michache mbele spika inakwaruza au imenyamaza kabisa na mlango unaingiza maji. Hili naliona kila msimu, Masasi naliona, Newala naliona, Mtwara mjini ndo usiseme.

Msimamo wangu nauweka mapema. Spika zinazokuja na gari kutoka kiwandani kweli nyingi ni dhaifu na kuzibadilisha ni haki kabisa, sina ugomvi na hilo. Ila shida kubwa ya sauti kwenye gari la porini haimo kwenye wati, imo kwenye mlango wenyewe, kwenye vumbi, na kwenye namna fundi anavyofunga. Na mpaka wenye maduka na mafundi wetu waanze kumwambia mteja hivyo kabla hajatoa hela, tutaendelea kuteketeza pesa ya jasho.

Kuna watakaosema hii ni starehe ya vijana na gazeti lina mambo ya maana zaidi. Hapana. Mi ni dereva wa pikapu ya kukodi, njia zangu ni Masasi, Newala, Tandahimba, na mara nyingine Nachingwea kuingia Liwale, na kwa sisi redio ya gari ni kitendea kazi. Kule mtandao wa simu unakata unarudi, unakata tena. Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipotua, barabara ya Lindi kwenda Dar ilikatika maeneo ya Somanga kule Kilwa, na watu waliokuwa njiani walihitaji kusikia tahadhari za TMA, wale wa hali ya hewa, na taarifa ya njia imefungwa wapi. Mnada ukitangazwa, mkulima niliyembeba kutoka Kitangari anataka asikie bei vizuri, na mimi mwenyewe nataka nisikie. Sasa uko ndani ya hardtop ya dizeli, tairi za tope, vioo nusu wazi kwa sababu ya joto, mtangazaji anasoma bei, unasikia sauti yake inavuma tu hujui amesema elfu tatu au elfu tano. Ukiongeza sauti inavuma zaidi na bado hujui.

Sababu yake ipo na haina uchawi. Mlio wa injini na tairi ni wa chini, mzito, na ndo unaojaa kwenye kabini. Yale yanayotofautisha neno na neno, zile s na f na t na ch, yanakaa juu, kuanzia kama hezi 2000 kupanda. Spika ya kiwandani mara nyingi ni koni moja ya karatasi, haina tuita, kile kispika kidogo cha sauti za juu, au inayo ndogo isiyo na uwezo, na imefungwa chini kabisa mlangoni inaangalia goti lako. Sauti nyembamba haijui kupinda kona, inapiga kwenye suruali na kwenye siti inaishia hapo. Kinachofika sikioni ni ule mvumo. Kwa hiyo mtu analalamika redio haina nguvu wakati nguvu ipo, kilichokosekana ni ile sauti ya juu kufika sikioni.

Ndo maana kwa gari la kazi mi nashauri seti ya vipande viwili, spika ya katikati inabaki chini mlangoni na tuita inapanda juu, kwenye kona ya dashibodi au kwenye nguzo ya kioo cha mbele, inaangalia watu. Mabadiliko yake ni makubwa kuliko kuongeza sabwufa, ile spika kubwa ya besi, nyuma ya siti. Ukishapandisha tuita, unasikia taarifa ya habari kwa sauti ndogo hata gari likiwa kwenye spidi. Na sauti ndogo ina faida ya afya pia, taasisi ya NIOSH ya Marekani kwa wafanyakazi wanaokaa kwenye kelele inaweka mpaka wa desibeli 85 kwa masaa 8, na kila ikiongezeka desibeli 3 muda unakatwa nusu, yaani 88 masaa 4, na 91 masaa 2. Dereva anayekaa kwenye usukani kutwa nzima na kelele ya injini na juu yake muziki umefunguliwa mpaka mwisho, masikio yake yanaumia kidogokidogo bila yeye kujua.

Sasa nije kwenye mlango, maana hapa ndo penye utajiri wa mambo na ndo panapopuuzwa.

Majuzi nilikuwa kwa fundi mmoja pale Masasi, kuna mkonga umeletwa una spika mpya zinazokwaruza. Tukafungua kava la mlango. Cha kwanza kilichoanguka chini ni vumbi, vumbi jekundu la Makonde, laini kabisa, limejaa kwenye kila kona ya chini ya mlango. Spika yenyewe ukiibonyeza koni taratibu kwa vidole viwili unasikia inasaga, maana yake vumbi limeingia kwenye ule mwanya mwembamba kati ya koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, na sumaku, na mwanya ule hauna nafasi ya kitu kingine chochote. Vichwa vya kuungia waya vilikuwa vyeusi. Mwenye gari akasema hilo gari ndo lilibeba mifuko ya salfa kipindi cha kupulizia ubwiriunga, ule ugonjwa wa mikorosho, nikaelewa palepale, salfa ikikutana na shaba na unyevu inaifanya nyeusi na umeme unaanza kupita kwa shida. Na ile nailoni ya kiwandani inayobandikwa ndani ya mlango, fundi wa kwanza alikuwa ameipasua na kisu akaiacha inaning'inia.

Hiyo nailoni naomba niikazie kidogo. Mlango wa gari kwa ndani unalowa, hilo ni kawaida, mvua ikipiga kioo maji yanashuka ndani ya mlango na kutokea kwenye vitundu vya chini. Nailoni ndo inayozuia yale maji yasije upande wa abiria. Ukiikata bila kuirudisha, maji yanakuja kwenye kava, kwenye swichi za vioo, kwenye kapeti, na spika yako mpya inakaa inaogeshwa toka mgongoni masika yote. Na vumbi nalo linapita hapohapo. Kubandika upya nailoni kwa gundi yake au kwa silikoni ni kazi ndogo sana, tepu ya butili, ule mpira laini unaonata, ipo madukani, ila fundi anaona inamchelewesha. Mteja usikubali kava lirudishwe kabla hujaona nailoni imekaa.

Halafu kuna mashimo. Bati la ndani la mlango lina matundu makubwa ya fundi kupitishia mkono. Spika inapopiga inasukuma hewa mbele na wakati huohuo inavuta hewa nyuma, na ile ya nyuma ikipata tundu inatoka inakutana na ya mbele zinauana, besi yote inapotea. Mlango wenye matundu ni kama ngoma iliyotobolewa ubavuni, piga unavyotaka. Watu wanaona besi hamna wanakimbilia kununua sabwufa, wakati ukiziba yale matundu kwa mati za butili zenye karatasi ya aluminiamu na ukabandika kipande kingine kwenye bati la nje nyuma ya spika, spika ileile inabadilika kabisa. Na kwa hardtop na pikapu ambazo milango yake ni bati jepesi linalolia kwenye barabara ya mawimbi, unapata na faida ya pili, kelele ya nje inapungua. Acheni vitundu vya chini vya kutolea maji, hivyo visizibwe hata kimoja, mlango utaoza. Na kuna watu wanabandika ile lami ya kuzibia paa kwa sababu ni rahisi, kwa joto la Lindi ile kitu inalainika, inanuka, inashuka mpaka kwenye njia ya kioo. Bora kununua mati chache za kweli ukabandika sehemu muhimu tu kuliko kupaka mlango mzima lami.

Kuhusu spika yenyewe ya kuchagua, kwa mazingira ya kwetu angalieni vitu vitatu na wati zisiwemo. Koni iwe ya plastiki, polipropilini, au nyingine isiyonywa maji, maana karatasi tupu huku pwani inalegea, kuanzia Mikindani mpaka Kilwa hewa ina chumvi na unyevu mwaka mzima. Ukingo unaoizunguka koni uwe wa mpira, usiwe sponji, sponji inaoza yenyewe na joto na unyevu hata kama spika haipigwi, ukikuta spika ya zamani ukingo umekatikakatika ukiugusa unakuwa unga ndo hiyo. Na la tatu ni usikivu wake, ile namba ya desibeli iliyoandikwa kwenye karatasi ndani ya boksi ambayo karibu hakuna mteja anayeisoma. Zipo pia spika za boti, zimetengenezwa kuvumilia maji na chumvi na jua, na kwa Land Rover 110 inayovuja kila kona au gari la wazi la kupeleka watu Msimbati mi naona hela yake inalipa.

Hiyo namba ya desibeli ndo inayonifanya niandike barua hii kwa uchungu. Redio ikiandikwa wati 50 mara 4, hiyo ni kilele cha sekunde, uwezo wake wa kudumu, ule unaoitwa RMS, kwa kawaida uko kwenye wati 17 mpaka 22 hivi kwa kila spika. Basi. Sasa wewe una wati kama 20, kuna spika mbili dukani, moja ina desibeli 87 na nyingine 93. Kila desibeli 3 ni sawa na kuzidisha nguvu mara mbili, kwa hiyo tofauti ya 6 ni mara nne. Ile ya 93 ikipewa wati 20 inapiga sawa na ile ya 87 ikipewa wati 80. Yaani umepata amplifaya ya bure kwa kusoma karatasi tu! Na mara nyingi ile ya 87 ndo yenye maandishi makubwa ya wati 1000, sumaku kubwa, rangi ya dhahabu, na redio ya kawaida haiwezi kuiamsha. Kitu kimoja cha kuwa nacho macho, angalia kama wamepima kwa wati 1 au kwa volti 2.83. Kwa spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wake kwa umeme), volti 2.83 ni wati 2 tayari, kwa hiyo namba imejipandisha desibeli 3 bila kazi, ukilinganisha mbili hakikisha zimepimwa namna moja.

Na kwa upande wa amplifaya kipimo cha uongo ni rahisi, tazama fyuzi yake. Amplifaya imeandikwa wati 1000 na ina fyuzi ya ampea 15. Umeme wa gari likiwa linaunguruma ni kama volti 13.8, zidisha kwa 15, unapata 207. Hizo ndo wati zote inazoweza kuvuta kutoka kwenye betri bila kukata fyuzi, na bado nyingine zinaishia kuwa joto. Elfu moja zitatoka wapi? Mwanafunzi wa sekondari anaweza kupiga hiyo hesabu dukani na simu yake, na mwenye duka akaona kwamba wateja wamefunguka macho.

Watu pia wanaamini spika inaungua kwa sababu imepewa nguvu nyingi. Inatokea, ila huku kwetu naona zaidi kinyume chake, redio dogo linalazimishwa mpaka mwisho, mawimbi yanakatwa vichwa, sauti inakuwa kali inapasuka, na tuita ndo inayokufa kwanza. Kwa redio nyingi za kisasa kuna sehemu kwenye menyu ya kukata besi nzito isiende kwenye spika za milango, inaandikwa HPF. Weka kwenye hezi 80 au 100. Spika ya mlango ikiondolewa ule mzigo wa chini kabisa ambao haiwezi kuubeba, inapumua, maneno yanasikika, na unaweza kupandisha zaidi bila kukwaruza. Haiuzwi, ipo tayari ndani ya redio yako, ni kubonyeza tu.

Ufungaji. Hapa naongea na mafundi wenzetu wa umeme wa magari, kaka zangu na wadogo zangu, nawaheshimu sana maana mmetutoa porini mara nyingi. Acheni kukata soketi ya kiwandani. Toyota nyingi za miaka ya nyuma zina soketi mbili nyuma ya redio, ya pini 10 na ya pini 6, na soketi za kugeuzia zinapatikana, unachomeka unafunga, kesho gari likiuzwa mwenye nalo anarudisha redio yake. Mkikata na kusokota waya kwa vidole halafu tepu nyeusi juu, joto la dashibodi linayeyusha gundi ya tepu, waya zinagusana, na redio inaungua upande mmoja. Zichomeleeni risasi na mvalishe mpira wa kusinyaa, au tumieni viungio vya kubana. Waya wa umeme wa amplifaya uwe wa shaba yenyewe, kuna waya mnene unang'aa vizuri lakini ndani ni aluminiamu imepakwa shaba, ukiukwaruza na kisu unaona nyeupe, huo unapitisha umeme mdogo zaidi kwa unene uleule na unapata moto. Fyuzi kuu iwe karibu na betri, isizidi nusu mita hivi, kwa sababu kazi yake ni kuulinda waya na sio kuilinda amplifaya. Waya wa umeme upite ubavu mmoja wa gari na waya wa sauti ubavu mwingine, na hasi ifungwe kwenye bati lililokwanguliwa rangi, hapo hutasikia ule mluzi unaopanda ukikanyaga mafuta.

Kitu kingine ni chanya na hasi ya spika. Spika moja ikiunganishwa kinyume na mwenzake, moja inasukuma nyingine inavuta, besi inakufa na sauti ya mtangazaji inakuwa haijulikani inatokea wapi. Rangi za waya zikishachanganywa na fundi aliyetangulia usizifuate, chukua betri ndogo ya volti 1.5, ya rimoti, gusisha kwenye waya mbili za spika kwa sekunde moja, koni ikiruka kwenda nje basi waya uliogusa chanya ndo chanya yake. Unaweka alama. Na ukimaliza, weka kipindi cha mazungumzo, sauti iwe katikati ya dashibodi. Ikiwa imetawanyika milangoni kuna mmoja uko kinyume.

Kabla ya kukaza skrubu shusheni kioo mpaka chini kabisa. Spika mpya zina sumaku ndefu kuliko ya kiwandani, kioo kikishuka kinagonga sumaku, na mwenye gari anagundua siku amefika kwenye kizuizi cha barabarani Nanganga anataka kuongea na askari. Ukikuta haitoshi unaweka ringi ya kunyanyulia. Ringi iwe ya plastiki au mbao ngumu iliyopakwa rangi pande zote, ile mbao ya kushindiliwa ya makabati ikipata maji inavimba na skrubu zinalegea. Nyingine za kiwandani zimepigiwa riveti, toboeni riveti kwa ustaarabu na msipindishe bati kwa bisibisi. Omu nazo angalieni, ukiunganisha spika mbili za omu 4 sambamba kwenye waya mmoja redio inaona omu 2, na redio nyingi hazikutengenezwa kwa hilo.

Umeme wa volti 24 niugusie kwa haraka. Baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japan ni volti 24. Redio na amplifaya za dukani ni za volti 12. Pima kwanza kwa mita, funga kipunguza umeme cha kweli, usichukue volti 12 kutoka betri moja kati ya mbili, betri moja itakuwa inakufa kila mwaka na hutajua kwa nini. Na amplifaya ya kweli ya wati 50 mara 4, ile ya daraja D isiyopoteza umeme mwingi, ikipiga kwa nguvu zote inavuta kama ampea 18, za zamani zinafika 30, kwa hiyo ukizima injini porini njia ya Liwale ukaacha muziki unapiga, fikiria pia nani atakusukuma.

Na kwa wale mnaoleta magari kutoka Japan, kabla hamjalaumu spika angalieni redio. FM ya Japan kwa miaka mingi ilikuwa megahezi 76 mpaka 90, za karibuni zinafika 95. Ya kwetu ni 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo stesheni nyingi hazimo kabisa kwenye ile redio, na kile kidude cha ekspanda kinachofungwa kwenye antena kinasogeza mawimbi yaingie ila mara nyingi kinakuja na makelele yake na namba unayoiona kwenye kioo sio ya stesheni. Mtu anasema spika mbovu zinachakacha, kumbe kinachochakacha ni mapokezi ya redio. Kama hela ni ya kitu kimoja tu, hapo anza na redio, spika zitafuata msimu mwingine.

Sasa ninachoomba. Wenye maduka Mtwara, Masasi na Lindi, wekeni karatasi mbele ya kila spika iandikwe RMS, omu na desibeli, na mfungue boksi mteja aone ukingo ni mpira au sponji. Kufanya hivyo hakuhitaji sheria mpya. Tume ya Ushindani, FCC, wenye kazi ya kupambana na bidhaa bandia, na TBS kwenye viwango, wapite madukani kipindi cha minada wakati mzigo umejaa, sio baada ya msimu kuisha. Vyuo vya ufundi, VETA Mtwara na VETA Lindi, nawaomba waweke kozi fupi ya ufungaji wa redio na spika kwa mafundi ambao tayari wapo mtaani, hata ya jioni, kwa sababu kijana anayejua kutumia mita na kubandika nailoni atapata kazi za maofisi na za watu wa hifadhi na za makampuni ya korosho, sio za vijana wa mtaani peke yao. Na wateja, ulizeni. Fundi akikuambia mati hazina maana au nailoni haina kazi, chukua gari lako nenda kwa mwingine.

Nyie wenye sabwufa kubwa za kutetemesha vioo, siwapigi vita, ila mkipita karibu na hospitali na shule kipindi cha mitihani punguzeni.

Na kama kuna fundi Mtwara au Lindi ambaye tayari anafunga kwa utaratibu huu, anapima, anaziba matundu, anarudisha nailoni, namuomba aandike kwenye ukurasa huuhuu aseme yuko mtaa gani na anapokea magari siku zipi. Kazi ipo nyingi na msimu ndo huo unaingia.

Dereva na msomaji wenu,
Masasi, Mtwara